Mshuko wa boriti: tofauti kati ya kipimo na hesabu inatuambia nini?

Fundisanifu (mwanzisha uzi)

Ndugu wadau wa ujenzi na uhandisi, salaam.

Kuna sentensi moja ninayokutana nayo karibu kila ninaposahihisha ripoti za maabara ya miundo: kwamba mshuko wa boriti uliopimwa umezidi ule uliokokotolewa kwa asilimia 14, na kwamba tofauti hiyo imetokana na "makosa ya kibinadamu". Napenda tuijadili, kwa sababu naona inafunga mlango palepale ambapo kazi ya mhandisi ilipaswa kuanza. Mtu anayesoma geji vibaya husoma juu mara moja na chini mara nyingine. Hasomi juu mara zote, huku vipimo vyake vikijipanga vizuri kwenye mstari ulionyooka. Tofauti yenye mpangilio ina chanzo chenye mpangilio, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa.

Nitumie jaribio la kawaida ambalo wengi wetu tumelifanya. Flati baa ya chuma, ambayo dukani inauzwa kama ya upana wa milimita 25 na unene wa milimita 6, imelazwa juu ya maegemeo mawili yenye ukingo mkali, yaliyoachana kwa milimita 800. Mizigo inaning'inizwa katikati, na mshuko wa pale katikati unasomwa kwa geji ya saa inayoonyesha hadi sehemu ya mia ya milimita. Nadharia ya kupinda kwa boriti ya Euler na Bernoulli, ambayo mhandisi Mfaransa Navier aliiweka mwaka 1826 katika sura inayokaribiana sana na hii tunayofundishwa leo, inasema kwamba mshuko huo ni WL³ kugawanywa kwa 48EI. Hapo W ni mzigo, L ni umbali kati ya maegemeo, E ni moduli ya Young (ugumu wa nyenzo yenyewe), na I ni momenti ya pili ya eneo la mkato (jinsi umbo la mkato linavyozuia kupinda), ambayo kwa mstatili ni bh³ kugawanywa kwa 12, b ikiwa upana na h unene. Tukichukua E ya chuma kuwa gigapaskali 205, hesabu inatoa mshuko wa milimita 1.134 kwa kila kilo moja.

Vipimo ni hivi: kwa nusu kilo tulipata milimita 0.71, kwa kilo moja 1.34, kwa kilo moja na nusu 1.98, kwa kilo mbili 2.61, kwa kilo mbili na nusu 3.25, na kwa kilo tatu 3.88. Sasa linganisha kipimo kimoja kimoja na hesabu yake. Kwenye nusu kilo hesabu ni 0.57, hivyo tofauti ni asilimia 25. Kwenye kilo tatu hesabu ni 3.40, na tofauti ni asilimia 14. Boriti ni ileile na geji ni ileile, lakini "asilimia ya kosa" imebadilika kwa sababu tu ya mzigo aliouchagua mwandishi wa ripoti. Asilimia inayotegemea chaguo la mwandishi haiwezi kuwa sifa ya boriti.

Chora grafu, mshuko ukiwa kwenye mhimili wa wima na mzigo kwenye mhimili wa mlalo, na mambo matatu yatajitenga yenyewe. La kwanza ni mahali mstari unapokata mhimili wa wima. Haupiti kwenye sifuri, bali unakata karibu milimita 0.08 juu yake. Huo ni mshuko uliotokea kabla boriti haijaanza kufanya kazi sawasawa: flati baa haikuwa imekaa vizuri kwenye maegemeo, ndoano ilikuwa na nafasi ya kuchezea, au geji ilisogea ilipoguswa. Haituambii chochote kuhusu chuma, na haifai kuingizwa kwenye ulinganisho. La pili ni mteremko wa mstari, ambao hapa ni milimita 1.27 kwa kilo. Huo ndio unaopaswa kulinganishwa na 1.134, na tofauti yake ni asilimia 12 iwe mzigo ni mdogo au mkubwa. La tatu ni unyoofu. Vipimo vikianza kujipinda huku mizigo ikiongezeka, basi kuna kitu kimebadilika njiani: egemeo limeteleza, nyenzo imevuka kikomo cha unyumbufu wake, au boriti imeshuka mno kiasi kwamba fomula ya mishuko midogo haifai tena. Kwenye mfano wetu kilo tatu zinaleta mkazo wa takriban nyutoni 42 kwa kila milimita ya mraba, ambao uko mbali sana na kikomo cha chuma cha kawaida, na vipimo vimenyooka kama ilivyotarajiwa.

Imebaki asilimia 12 ya mteremko. Hapa ndipo wanafunzi wengi hugeuza fomula kinyumenyume, wakapata E ya gigapaskali 183, kisha wakahitimisha kwamba chuma ni feki. Hitimisho hilo linavutia, lakini halina msingi. Chuma hafifu na chuma imara hutofautiana sana katika nguvu ya kuhimili kabla ya kuharibika, ila moduli yao ya Young inakaribiana mno. Ukitumia 200 au 210 utabadilisha jibu kwa asilimia 5 tu. Kabla ya kuushuku mchanganyiko wa chuma, pima unene. Flati baa hii ilipopimwa kwa maikromita katika sehemu kadhaa ilikuwa na milimita 5.8, si 6, jambo la kawaida kabisa kwa chuma kinachoviringishwa kiwandani. Kwa kuwa unene unaingia kwenye fomula kwa kipeo cha tatu, upungufu huo wa sehemu mbili za kumi za milimita unaongeza mshuko kwa karibu asilimia 11. Hesabu mpya inakuwa milimita 1.256 kwa kilo dhidi ya 1.27 iliyopimwa.

Asilimia moja iliyobaki sishauri mtu aifukuze. Anayepima unene kwa kalipa ya vernier inayosoma hadi milimita 0.05 tayari ana shaka ya karibu asilimia 0.9 kwenye unene, na kipeo cha tatu kinaigeuza kuwa asilimia 2.6 kwenye mshuko. Kudai ulinganifu bora kuliko huo ni kudai kile ambacho kifaa chenyewe hakikukupa.

Naongeza mambo mawili kabla sijawaachia nafasi. Boriti hii pia inashuka kwa uzito wake yenyewe, na uzito uliosambaa sawasawa hufanya kazi sawa na thamani ya tano ya nane yake ikiwekwa katikati. Hapa uzito ni takriban gramu 910 kati ya maegemeo, kwa hiyo mshuko wake ni kama milimita 0.7. Geji haiuoni, kwa sababu iliwekwa sifuri baada ya boriti kulazwa. Asije mtu akaujumlisha kwenye hesabu kisha akashangaa. La pili ni onyo: mteremko wa grafu hauwezi kufichua egemeo linalozama. Ikiwa meza inabonyea kidogo kwa kila kilo, mbonyeo huo utakua sambamba na mzigo, utajificha ndani ya mteremko, na grafu itabaki imenyooka kabisa. Dawa yake ni kupima pia mshuko wa kila egemeo na kutoa wastani wake kwenye mshuko wa katikati.

Karibuni kwa maswali na kwa upinzani.

Mwanasanifu_2

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa diploma ya ujenzi. Sisi tulifunga flati baa ya aina hiyohiyo kwenye jiliwa, milimita 400 zikitokeza nje, kisha tukaning'iniza mizigo kwenye ncha. Unene tuliupima kwa maikromita na kupata 5.80, kwa hiyo nadhani hilo limeshaondoka. Mteremko wa grafu yetu ni milimita 1.35 kwa kila nusu kilo, ilhali WL³ kugawanywa kwa 3EI inatoa 1.26, yaani tofauti ya kama asilimia 7 na nusu. Kilichotuchanganya ni kwamba tulipopunguza urefu hadi milimita 200, tukitegemea boriti fupi iwe na tofauti ndogo, tofauti ilipanda hadi karibu asilimia 15.

Fundisanifu

Marahaba. Umefanya jambo zuri kubadilisha urefu, kwa sababu jibu liko humohumo.

Fomula ya boriti iliyofungwa upande mmoja inadhani kwamba mahali pa kufungia hapasogei na hapazunguki hata kidogo. Hakuna jiliwa ya namna hiyo duniani. Meno yake yanabonyea, chuma kilichobanwa kinaendelea kupinda kwa kipande kifupi ndani ya meno, na jiliwa nzima inaweza kuinama pamoja na meza. Matokeo yake ni kama vile boriti inaanza ndani zaidi ya pale ulipopimia. Kwa vipimo vyako, nyongeza ya milimita 10 inatosha: 410 ikigawanywa kwa 400 na kupandishwa kwa kipeo cha tatu inatoa ongezeko la kama asilimia 7.7, na 210 kwa 200 inatoa kama asilimia 16. Milimita 10 ni sehemu ndogo ya urefu mkubwa na sehemu kubwa ya urefu mdogo. Ndiyo maana boriti fupi ilikuangusha zaidi.

Ukitaka kuithibitisha nyongeza hiyo bila kubahatisha, pima kwa urefu wa milimita 200, 250, 300, 350 na 400. Kwa kila urefu chukua mteremko wa grafu yake, tafuta kipeuo chake cha tatu, kisha chora matokeo hayo dhidi ya urefu. Nadharia inadai mstari ulionyooka. Mstari huo ukikata mhimili wa urefu kwenye hasi 10 badala ya sifuri, hiyo ndiyo nyongeza ya jiliwa yako, na mteremko wa mstari huo utakupa E ambayo jiliwa haijaichafua.

Kuna ukaguzi mwingine ninaoupenda kuliko huo, ingawa sijui kwa nini hautumiki sana. Boriti ya milimita 800 iliyolazwa juu ya maegemeo mawili na kubebeshwa kilo moja katikati ni sawa kabisa na boriti mbili za milimita 400 zilizofungwa katikati, kila moja ikisukumwa juu kwa nusu kilo kwenye ncha yake. Kwa hiyo hesabu za majaribio yetu mawili zinatoa jibu moja, milimita 1.256, na hilo si bahati. Chukua flati baa moja, ifanyie majaribio yote mawili. E, upana na unene ni vilevile, hivyo shaka zake zote zinafutika, na tofauti yoyote itakayobaki ni ya jiliwa peke yake, kwa sababu katikati ya boriti iliyolazwa hapahitaji kufungwa: pande mbili zinazofanana zimezuiana zenyewe.

Seremala wa Paa

Wakuu, mnazungumzia chuma, lakini wengi wetu mitaani kazi yetu ni mbao. Mhandisi mmoja alinikokotolea mbao za paina, mbili kwa nne, kwa ajili ya kubeba dari, akasema zitashuka milimita sita. Zilipofungwa zilishuka zaidi ya nane siku ileile, na baada ya miezi zimezidi hapo. Mhandisi anailaumu mbao, mimi nailaumu hesabu. Nani ana haki?

Msumeno na Kipimo

Fundi, ruhusu nikujibu mimi, kwa kuwa nimekaa na mbao kuliko chuma.

Nenda kwanza na tepu. Mbao inayoitwa mbili kwa nne hukokotolewa kama milimita 50 kwa 100. Ikitoka kwenye msumeno, ikakauka na kupigwa randa, si ajabu kukuta 45 kwa 95. Milimita tano kila upande zinaonekana ni kitu kidogo, lakini momenti ya pili ya eneo inashuka hadi asilimia 77 ya ile ya awali, na mshuko unapanda kwa asilimia 30. Sita inakuwa karibu nane bila mtu yeyote kukosea fomula. Aliyekosea ni yule aliyeingiza jina la mbao mahali palipohitaji kipimo chake.

Jambo la pili linahusu moduli yenyewe. Kwa chuma Mwalimu amesema tuishuku mwisho. Kwa mbao naishuku mapema kabisa. Katika viwango vya Ulaya, daraja la mbao laini C16 lina wastani wa nyutoni 8,000 kwa milimita ya mraba, na C24 lina 11,000, na paina mbili zilizotoka kwenye gogo moja zinaweza kutofautiana kwa sababu ya vifundo, umri wa mti na unyevu. Mbao mbichi inapinda zaidi kuliko kavu. Kwa hiyo hesabu ya mbao inayotumia thamani ya kitabuni inatabiri tabia ya kundi la mbao, haiitabirii ile moja iliyo juu ya dari yako.

Jambo la tatu ni kani ya mkato (inayofanya tabaka za boriti zitake kutelezeana), ambayo fomula ya Euler na Bernoulli inaiacha nje, na ambayo mhandisi Timoshenko aliiingiza mwaka 1921. Kwa mzigo wa katikati, nyongeza yake kwa mkato wa mstatili ni 1.2 mara uwiano wa E kwa G (ugumu wa nyenzo dhidi ya kani hiyo ya mkato), mara uwiano wa kina kwa urefu ukipandishwa kwa kipeo cha pili. Kwenye flati baa ya uzi huu nyongeza hiyo haifiki hata asilimia 0.02, yaani haipimiki. Kwa mbao, ambayo E yake huchukuliwa kuwa mara 16 ya G, boriti yenye kina cha milimita 100 na urefu wa mita moja na nusu inapata nyongeza ya asilimia 8 na nusu. Kwa boriti fupi na nene ya mbao, anayeipuuza hawezi kulalamika baadaye.

Ama huo mshuko wa miezi, huo si wa kipimo wala wa kosa. Mbao inayobeba mzigo wa kudumu huendelea kushuka taratibu. Kanuni za Ulaya zinaongeza asilimia 60 juu ya mshuko wa mwanzo kwa mbao zilizo ndani ya nyumba kavu, na zaidi ya hapo penye unyevu. Kwa hiyo muulize mhandisi kama ile sita yake ilikuwa ya siku ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu kulinganisha hesabu ya siku ya kwanza na kipimo cha mwaka wa pili ni kulinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Fundisanifu

Sina cha kuongeza hapo, isipokuwa kumwomba Fundi Seremala apime unyevu kama anaweza kupata kifaa chake.

Mwambao

Naomba niingize neno kutoka pwani. Nyumba za kale za mawe za Lamu na miji mingine ya mwambao zina vyumba virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi kwa upana, na sababu inayotajwa siku zote ni urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu. Je, kwa hesabu hizi boriti ndefu zaidi isingetosha?

Fundisanifu

Swali zuri, ndugu yangu, na linajibika kwa fomula ileile. Boriti ya mviringo ina I ya π mara kipenyo kwa kipeo cha nne kugawanywa kwa 64. Kwa uzito uliosambaa, mshuko hufuata urefu kwa kipeo cha nne. Kupanua chumba kutoka mita mbili na nusu hadi tatu na nusu kwa boriti zilezile kungezidisha mshuko karibu mara nne, na juu yake kuna sakafu nzito ya matumbawe na chokaa ambayo haiondoki, hivyo kuna ule mshuko wa taratibu aliousema ndugu wa mbao. Fito za mikoko pia hupungua unene kuelekea nchani. Yenye kipenyo cha milimita 90 badala ya 100 inashuka kwa asilimia 52 zaidi, kwa hiyo anayetaka kulinganisha kipimo na hesabu kwenye nyumba hizo asipime kipenyo mahali pamoja tu.

Injinia wa Saiti

Mwalimu, umejikita kwenye kipimo kinachozidi hesabu. Mimi tatizo langu ni kinyume chake. Tulijaribu bimu ya zege yenye nondo kwa kuipakia mzigo, urefu mita 6 na kina milimita 500, na mshuko uliopimwa ulikuwa chini sana ya hesabu. Msimamizi alifurahi, akasema hesabu daima ziko upande wa usalama, na jambo likaishia hapo. Binafsi naona ni habari njema, sioni cha kuhoji.

Fundisanifu

Injinia, hapo naomba tupingane. Kipimo kidogo kuliko hesabu kinadai maelezo sawasawa na kikubwa. Kimekuambia kwamba muundo ni mgumu kuliko ulivyodhani. Hakijakuambia kwamba una nguvu kuliko ulivyodhani, na hayo ni mambo mawili.

Angalia hesabu ilitumia I ipi. Bimu ya zege ambayo haijapasuka ina I ya mkato wote. Nyufa za mvuto zikitokea upande wa chini, I ya pale penye ufa inaweza kuporomoka hadi theluthi moja au chini yake, kutegemea wingi wa nondo. Lakini zege lililo kati ya ufa na ufa bado linafanya kazi, kwa hiyo ukweli uko katikati, na ndiyo sababu mhandisi Branson alipendekeza katika miaka ya 1960 fomula ya I ya wastani inayotegemea uwiano wa momenti ya kupasua (momenti ya kupinda inayoleta ufa wa kwanza) na momenti iliyopo, kwa kipeo cha tatu. Aliyekokotoa kana kwamba bimu yote imepasuka atapata mshuko mkubwa mno, na kipimo kidogo hakitakuwa na maajabu yoyote. Kama mzigo wa majaribio haukufikia momenti ya kupasua, basi mlipima zege zima, na mshuko huo hautawahusu wakazi wa jengo baada ya nyufa za kwanza kutokea.

Halafu kuna msaada usioandikwa kwenye michoro. Slabu iliyomiminwa pamoja na bimu inaifanya kuwa na umbo la T. Nguzo zinaizuia isizunguke mwishoni, na kumbuka kwamba mzigo wa katikati kwenye boriti iliyofungwa kabisa pande zote mbili hutoa mshuko wa robo tu ya ule wa boriti iliyolazwa. Ukuta wa matofali chini yake unaweza kubeba sehemu ya mzigo kimyakimya. Madaraja yanapojaribiwa hutokea vivyo hivyo, kingo za pembeni na msuguano wa maegemeo vikisaidia. Baadhi ya misaada hiyo ni ya kudumu na mingine inaweza kuondoka siku ukuta ukivunjwa ili kupanua sebule. Mhandisi anapaswa kujua ni upi ni upi kabla ya kufurahi.

Jambo la tatu ni jua. Uso wa juu wa bimu ya mita 6 yenye kina cha milimita 500, iliyolazwa bila kuzuiwa mwishoni, ukiwa na joto la nyuzi 10 zaidi ya uso wa chini, katikati ya bimu inainuka kwa takriban milimita 0.9, tukichukua kwamba zege hutanuka sehemu 10 za milioni kwa kila nyuzi. Sasa linganisha na kigezo cha kanuni za Marekani za zege, ACI 318: mshuko wa juu kabisa usizidi kipeo cha pili cha urefu kugawanywa kwa zao la 20,000 na kina, ambao kwa bimu yako ni milimita 3.6; ukizidi, basi mshuko unaobaki baada ya mzigo kuondolewa usizidi robo ya mshuko wa juu. Yaani jua pekee lina uwezo wa kukupunguzia robo ya kigezo kizima. Je, sifuri ilichukuliwa alfajiri na mzigo ukakamilika saa sita mchana?

Injinia wa Saiti

Sifuri ilichukuliwa saa moja asubuhi, na usomaji wa mwisho wa siku hiyo ulikuwa baada ya adhuhuri. Bimu iko ghorofa ya juu, na slabu yake haikuwa na kivuli. Nondo za mwisho zimeunganishwa na nguzo, kwa hiyo kuinuka kungekuwa kidogo kuliko ulivyokokotoa, ila nakubali kwamba hatuwezi kusema ni kidogo kiasi gani.

Fundisanifu

Mnaweza kukijua. Bimu jirani ya ukubwa uleule, isiyo na mzigo na iliyo kwenye jua lilelile, ifungiwe geji na isomwe saa zilezile. Mshuko au mwinuko wake ndio wa joto peke yake, nao unatolewa. Kama haipo, subirini: kanuni hiyohiyo inataka mzigo ukae saa 24 kabla ya kusomwa, kwa hiyo usomaji wa saa moja asubuhi inayofuata unalinganishwa na sifuri ya saa moja asubuhi, joto likiwa karibu sawa.

Mwanasanifu_2

Mwalimu, swali la mwisho. Umesema tupime mshuko wa maegemeo pia, lakini chuoni kwetu geji ni moja tu. Na kwa boriti ndefu za karakana, geji yenyewe haina mahali pa kusimama. Mafundi wanatumia mpira wa maji au leza ya kusawazishia. Vinafaa?

Fundisanifu

Mpira wa maji ni kifaa cha heshima kwa kusawazisha msingi, lakini uso wa maji ndani ya mpira husomeka kwa milimita moja au mbili tu, na leza ya kawaida ina alama nene kama hiyo. Kwa mshuko wa milimita 40 vinatosha. Kwa mshuko wa milimita nne, shaka yao ni sehemu kubwa ya jibu.

Tumia waya mwembamba wa chuma. Ufunge kwenye boriti yenyewe, juu ya maegemeo yote mawili, upande mmoja ukipita kwenye kapi na kuning'inizwa jiwe ili mkazo wake usibadilike boriti inapopinda. Katikati ya boriti gundisha rula ya chuma pamoja na kipande cha kioo, na usome pale waya unapofunika taswira yake kwenye kioo, ili jicho lisikudanganye kwa kutazama kwa mshazari. Ukiwa makini utasoma hadi robo ya milimita. Kwa kuwa waya umefungwa juu ya maegemeo, yakizama nao unazama, na kile ambacho geji moja isingeweza kukitenga kinajitoa chenyewe.

Kwa flati baa yenu fupi, geji moja inatosha. Pakia mizigo yote geji ikiwa katikati, ipakue, hamishia geji juu ya egemeo la kushoto, rudia mizigo ileile, kisha egemeo la kulia. Soma wakati wa kupakia na wakati wa kupakua. Mistari ya kupakia na kupakua isipolingana, hapo kuna msuguano kwenye maegemeo au kwenye shina la geji. Kumbuka pia kwamba springi ya geji nyingi husukuma kwa kani ya karibu nyutoni moja, ambayo kwa flati baa laini kama yenu ni milimita 0.13 nzima. Isigongwegongwe wala isiinuliwe katikati ya usomaji.